Maneno Yalitangulia, Miguu Ikafuata: Historia Fupi ya Ugeni katika Milima ya Alps

Wapenzi wa lugha na ushairi, safari hii nawaomba tuvuke bahari hadi Ulaya ya kati, kwenye milima ya Alps. Safu hiyo hupita Ufaransa, Italia, Uswisi, Austria na nchi nyingine jirani, na haina msimu wa kukosa wageni. Majira ya baridi watu huenda kuteleza juu ya theluji. Majira ya joto hutembea kwa miguu kutwa nzima, kutoka kibanda hadi kibanda. Na wapo wanaokwenda kutazama tu. Mtu aweza kudhani mambo yamekuwa hivyo tangu milima ilipoumbwa. Sivyo. Ugeni huo una umri wa karne mbili na nusu hivi, na waliofungua mlango wake hawakuwa wajenzi wa reli wala wenye hoteli. Walikuwa watu wa kalamu, na miongoni mwa wale wa mwanzo alikuwamo mshairi. Ndiyo maana nimeona habari hii ina haki ya kusimuliwa hapa.

Tuanze na jina lenyewe. Kwa wafugaji wa Uswisi wasemao Kijerumani, alp ni malisho ya juu mlimani, mahali wanakopeleka ng'ombe wakati wa joto na kuwateremsha kabla theluji haijaanguka. Mfugaji hakuwa na haja ya kupanda zaidi ya pale majani yanapokoma. Juu ya hapo palikuwa na mawe na barafu, pasipo faida ila kwa wawindaji na watafutaji wa mawe ya bilauri. Kwa hiyo jina ambalo mgeni wa leo hulitamka akiwaza vilele vyeupe, kwa mwenyeji lilikuwa jina la kazi: majani, maziwa na jibini.

Waliobaki mijini walikuwa na hofu zao. Mwaka 1723 Johann Jakob Scheuchzer, tabibu na mwanachuoni wa Zürich, alichapisha kitabu cha safari zake milimani, na ndani yake zimo picha za mazimwi yaliyosemekana kuonekana huko. Scheuchzer hakuwa mjinga. Alikuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Lakini mlima usiokuwa na msamiati wa kuusifu hujazwa vitisho.

Miaka tisa baadaye, 1732, Albrecht von Haller, tabibu kijana wa Bern, alichapisha shairi refu liitwalo Die Alpen, lililotokana na safari yake ya 1728. Beti zake zina mishororo kumi kumi, mzigo ambao mtunzi wa tarbia atauhurumia. Haller aliyasifu maisha ya wachungaji, usawa wao na kutosheka kwao, dhidi ya anasa za mjini. Shairi lilichapishwa tena na tena, likatafsiriwa, na wasomaji wakaanza kutamani kuyaona mabonde ambayo wazee wao waliyapita mbiombio wakiomba wafike salama. Mwaka 1761 Jean-Jacques Rousseau akafuata na riwaya yake ya Julie, iliyowekwa kando ya ziwa la Geneva. Riwaya hiyo ndiyo iliyolieneza neno chalet, lililokuwa jina la kibanda cha mchungaji katika lahaja za huko. Leo neno hilo huita nyumba za kifahari ambazo mchungaji hawezi kuzipanga hata kwa usiku mmoja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa tashbihi moja. Mwaka 1741 Mwingereza William Windham, pamoja na Richard Pococke aliyekuwa ametoka kuzuru Misri, walifika bonde la Chamonix wakapanda kutazama mto wa barafu. Windham alikosa neno la kuueleza. Akaulinganisha na maji ya ziwa yaliyotibuliwa na upepo mkali kisha yakaganda yote kwa mara moja. Maelezo yake yakachapishwa, na kutokana na mlinganisho huo barafu ile ikaja kujulikana kwa jina la Mer de Glace, yaani Bahari ya Barafu. Tukiwafundisha vijana kwamba tamathali za semi ni pambo la lugha, tuwakumbushe na hili: tashbihi ya mgeni mmoja iligeuka jina katika ramani, na watu wakafunga safari kwenda kuiona.

Kalamu, hata hivyo, hukweza na hushusha. Mwaka 1760 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, aliahidi zawadi kwa atakayegundua njia ya kufika kilele cha Mont Blanc, mlima wa mita 4,800 na kidogo. Ilipita miaka 26. Tarehe 8 Agosti 1786 watu wawili wa Chamonix walifika kileleni: Michel-Gabriel Paccard, tabibu wa kijiji, aliyebeba baromita yake, na Jacques Balmat, mtafuta bilauri. Mwandishi mmoja wa Geneva, Marc-Théodore Bourrit, aliyekuwa ameshindwa kuupanda mlima huo, alieneza barua iliyompa Balmat sifa na kumdunisha Paccard. Paccard alitangaza kwamba angeandika kitabu chake. Kitabu hicho hakikutoka. Mwaka 1832 Balmat, sasa mzee, akamsimulia Alexandre Dumas habari hiyo kwa namna iliyomfaa yeye, na Dumas hakuwa mtu wa kuipunguzia hadithi utamu. Sanamu iliyosimamishwa Chamonix mwaka 1887 ikamwonyesha Balmat akimwelekeza Saussure kileleni kwa kidole. Tabibu hayumo. Alingoja hadi 1986, miaka 200 kamili baada ya safari yake, kupata sanamu yake mwenyewe.

Nimezisimamia sanamu zote mbili. Mwanafunzi wangu wa zamani aishiye Geneva alinialika mara mbili, mara moja Juni na mara ya pili Januari, akanipeleka Chamonix. Juni nilikuta watembeaji wa rika langu, wazee kwa vikongojo vya kisasa, wakianza njia inayouzunguka mlima wote kwa umbali wa kilomita 170 hivi, kupitia nchi tatu. Mbele ya sanamu ya 1887 palikuwa na msururu wa wapiga picha. Kwa Paccard nilikaa peke yangu nusu saa. Historia ikishatamkwa kwa sauti ya kwanza, masahihisho huja na wasikilizaji wachache.

Januari nilikuta mji mwingine mahali pale pale, watu wakitembea kwa viatu vizito kama vya chuma, mbao begani. Msimu huu wa pili nao ulifunguliwa kwa maneno. Kampuni ya Thomas Cook ilipoanza kuongoza wageni Uswisi mwaka 1863, walikwenda wakati wa joto na kurudi makwao baridi ilipoingia. Husimuliwa kwamba mwaka 1864 Johannes Badrutt, mwenye hoteli wa St. Moritz, aliwawekea wageni wake Waingereza dau: waje majira ya baridi, na wasipofurahia, gharama ni juu yake. Wakaja, wakakaa. Lakini walikuja kwa jua na hewa kavu. Kuteleza kwa mbao bado kulikuwa jambo la Wanorwei. Neno ski ni la kwao, na asili yake ya kale ni kipande cha mti uliopasuliwa.

Mwaka 1888 Fridtjof Nansen na wenzake waliivuka Greenland kwa mbao hizo. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1890, vijana wa Ulaya ya kati walianza kuagiza mbao na kujifunza wenyewe kwa kuanguka. Machi 1894 Arthur Conan Doyle, mtungaji wa visa vya Sherlock Holmes, aliyekuwa Davos kwa ajili ya afya ya mkewe, alivuka mlima kwa mbao hadi Arosa pamoja na ndugu wawili wenyeji. Akaandika makala ya kuchekesha, akibashiri kwamba siku moja mamia ya Waingereza wangekuja Uswisi kwa ajili ya mchezo huo. Miaka 30 baadaye, 1924, Chamonix iliandaa michezo iliyokuja kutambuliwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Ubashiri wa mwandishi ulikuwa umepitwa mbali.

Hapa mtauliza: na Kiswahili je, kina nini cha kusema juu ya theluji? Kina mengi kuliko tunavyodhani. Theluji tumeipata kwa Waarabu, ambao thalj yao huweza kuwa theluji na huweza kuwa barafu. Barafu inatokana na Kiajemi barf, ambayo kwa Waajemi ni theluji. Lugha iliyokulia penye joto la pwani ilichukua maneno mawili ya baridi, ikayagawia kazi: moja kwa kile kinachoanguka kama pamba, moja kwa kile kilichoganda kikawa kigumu. Nilipokuwa nikifundisha sekondari, wanafunzi waliochanganya maneno hayo nilikuwa nikiwaambia kwamba wahenga wetu waliyatenga bila kuwa na jokofu.

Nasi tunalo tukio letu. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake ule weupe ni nini, alijibiwa neno moja, ambalo Rebmann aliliandika kwa masikio yake ya kigeni: baridi. Rebmann akatambua kwamba ni theluji. London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika, alibisha kwa miaka mingi, hata baada ya safari za Karl Klaus von der Decken za 1861 na 1862 kuleta uthibitisho. Mimi hulisoma jibu la yule kiongozi kama mshororo mfupi kuliko yote. Hakutaja rangi wala umbo. Alitaja kile ambacho mwili ungekutana nacho huko juu. Jina lake mwenyewe msomaji wa kawaida halijui. La Rebmann limo vitabuni.

Waliofika kilele cha Kibo kwa mara ya kwanza kuandikwa, tarehe 6 Oktoba 1889, walikuwa Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Salzburg aliyekuwa amezoea vilele vya Alps. Ufundi wao wa kukata ngazi katika barafu ulitoka huko. Wapagazi na viongozi waliowafikisha kwenye barafu hawakuandika kitabu, na tumeshaona katika habari ya Paccard mambo yanavyomwendea mtu ambaye kitabu chake hakikutoka.

Kamba kati ya milima hiyo na lugha yetu haijakatika. Mkenya Philip Boit alishindana kwa mbao za theluji Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mbio za kuteremka milima, huko Pyeongchang. Watangazaji wetu husema mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na maneno hayo yanatosha kabisa.

Lakini muda wa kuyatumia unapungua. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wa mito yake ya barafu. Njia nyingi za kutelezea sasa hutegemea theluji inayotengenezwa kwa mitambo. Bahari ya Barafu ya Windham imezama. Kwa miaka mingi mgeni aliyefika kwa treni alilazimika kushuka mamia ya ngazi kuifikia, na njiani vibao vya miaka vilimwonyesha ilikofika zamani. Septemba 2019 watu waliovaa nguo nyeusi walipanda hadi barafu ya Pizol, mashariki mwa Uswisi, wakaifanyia mazishi. Na kwetu, zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililokuwepo Kilimanjaro mwaka 1912 limetoweka.

Washairi wa Kiswahili tunajua kumlilia marehemu; rambirambi ni fani tuliyoirithi ikiwa imekamilika. Haller aliyapa mabonde ya Alps sifa kabla wageni hawajafika, na Windham akaipa barafu jina ilipokuwa imejaa bonde. Sisi theluji ya Kibo tumeitumia mno kama nembo: katika bendera za maneno, hotuba na chupa za maji. Beti zinazoitazama yenyewe, weupe wake, sauti yake ikipasuka, ubaridi ambao yule kiongozi wa 1848 aliutaja kwa neno moja, ni chache. Anayetaka kuzitunga na apande sasa, Moshi iko karibu kuliko Chamonix. Tenzi za maombolezo zitakuja zenyewe. Tungetangulia na za sifa, wakati msifiwa bado yupo.