Pwani ya Dar es Salaam na Tsunami za Bahari ya Hindi

Tsunami ni neno la Kijapani lenye maana ya wimbi la bandarini, na maana hiyo inauhusu kwa karibu mji wa Dar es Salaam, ambao Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860 kwa sababu ya bandari yake yenye kina na iliyojificha. Wimbi la upepo hutikisa maji ya juu tu, lakini tsunami husukuma maji yote tangu sakafu ya bahari hadi juu, kwa hiyo kilindini hupita kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 700 kwa saa bila mabaharia kuitambua, na ikifika penye maji machache hupunguza mwendo na kuinuka. Haipaswi kuchanganywa na kujaa na kupwa kwa maji kunakoletwa na mwezi na jua, wala na kimbunga kama kile cha Aprili 1872 kilichoiharibu Unguja na kung'oa mikarafuu yake.

Chanzo kikuu cha tsunami katika Bahari ya Hindi ni mabamba, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, ambavyo magharibi ya Sumatra huzama kimoja chini ya kingine, vikakwama kwa miaka mingi, kisha vikafyatuka na kuinua maji yaliyo juu yake. Hali kama hiyo ipo Makran, kwenye pwani ya Pakistani na Irani, ambako tetemeko la Novemba 1945 lilileta mawimbi yaliyoua watu wengi. Volkano nayo huweza kufanya kazi hiyo hiyo, kwani mlipuko wa Krakatau wa Agosti 1883 uliua zaidi ya watu 36,000, wengi wao kwa maji.

Tukio ambalo Dar es Salaam inalikumbuka ni lile la Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004. Karibu saa kumi usiku kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari ilipasuka kwa urefu wa zaidi ya kilometa 1,200 kuanzia Sumatra kuelekea Visiwa vya Andaman, kwa tetemeko la kipimo cha 9.1, na karibu watu 230,000 walifariki katika nchi 14. Wimbi lilivuka zaidi ya kilometa 6,000 likafika pwani ya Tanzania mchana, wakati fukwe zilikuwa na watu waliokuwa wakiogelea siku ya pili ya Krismasi. Maji yalikupwa na kujaa mara kwa mara ndani ya saa chache, jambo ambalo mwezi hauwezi kulifanya, na mikondo yake ikawavuta waogeleaji. Idadi ya waliofariki nchini hutajwa kuwa kati ya 10 na 13. Somalia, iliyokabiliana na wimbi moja kwa moja, ilipoteza watu wapatao 290, hasa katika eneo la Hafun, ilhali nchini Kenya, ambako watu waliondolewa fukweni baada ya habari kufika, alikufa mtu mmoja.

Uchache wa vifo vya Tanzania umewafanya wengi waamini kwamba pwani hii ni salama kwa asili yake, na imani hiyo haina msingi. Siku ile ilikuwa ya mwezi mpevu, yaani ya bamvua, na wakati wa bamvua maji ya Dar es Salaam hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Wimbi lilifika maji yakiwa bado mbali na kujaa, na lau lingechelewa saa tatu au nne lingepanda juu ya maji yaliyokwisha kujaa. Zaidi ya hayo, zilipita takribani saa nane tangu tetemeko, muda uliotosha kuondoa kila mtu ufukweni kwa miguu, lakini hapakuwa na mfumo wa tahadhari katika bahari yote hii.

Ushahidi mzito zaidi uko Pangani. Mabwawa ya kufugia samaki yalipochimbwa karibu na mto, ilifichuka tabaka ya mchanga yenye mifupa ya watu wazima na watoto pamoja na vigae vya vyungu, bila dalili ya maziko wala ya vita, na wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwamba kijiji cha Waswahili kilichokuwa hapo kiliangamizwa na tsunami miaka 1,000 hivi iliyopita, ambayo huenda ilitoka Sumatra. Mji wenye umri wa miaka 160 hauwezi kuipima bahari kwa kumbukumbu zake peke yake.

Tetemeko la kipimo cha 6 hivi lililotokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam tarehe 12 Agosti 2020 halikuleta wimbi la maafa, ila liliukumbusha mji kwamba ardhi ya karibu nayo hutikisika. Wala hatari haiishii ufukweni: mtaa wa Kariakoo hauko ufukweni, lakini samaki wake hutoka soko la samaki la Feri, na nyuma ya mtaa huo liko bonde la Jangwani, ambako Mto Msimbazi hupita ukielekea baharini. Mito ni njia ambazo tsunami huzitumia kupanda bara, na mafuriko ya Desemba 2011, ingawa yalitokana na mvua, yalionyesha jinsi bonde hilo linavyojaa upesi.

Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hupokea tahadhari kutoka mfumo wa Bahari ya Hindi ulioanzishwa baada ya 2004. Kwa wavuvi na wachuuzi wa Feri, wanaojua saa za kujaa na kupwa bila kuangalia karatasi, dalili ya kwanza ni ile ile: maji yakikimbia nje ya saa zake, au ardhi ikitetemeka kwa muda mrefu, waache vyombo na mizigo, wapande mahali pa juu, na wasirudi baada ya wimbi la kwanza, kwa sababu yanayofuata huweza kuwa makubwa zaidi.