Skirmioni za sumaku

Skirmioni ya sumaku ni mpangilio wa mviringo unaotokea ndani ya baadhi ya sumaku, ambapo sumaku ndogondogo za atomi hupinduka hatua kwa hatua: za katikati huelekea chini, za ukingoni huelekea juu. Upana wake huanzia nanomita chache hadi mikromita. Watafiti wanaichunguza kama njia ya kutunza data za kompyuta: palipo na skirmioni husomwa 1, pasipo nayo husomwa 0.

Muundo

Kama fundo katikati ya kamba iliyofungwa ncha zote mbili, skirmioni haifunguki kwa mtikisiko mdogo. Hujengwa na nguvu ya Dzyaloshinskii na Moriya, inayozifanya atomi jirani zipishane mielekeo. Nguvu hiyo huonekana, kwa mfano, pale tabaka jembamba la sumaku, kama kobalti, linapolazwa juu ya metali nzito kama platini.

Historia

Jina limetokana na Tony Skyrme, mwanafizikia wa Uingereza, aliyetoa wazo la muundo wa aina hiyo, usiofunguka kirahisi, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kueleza chembe za kiini cha atomi. Mwaka 1989 wanafizikia Bogdanov na Yablonskii walionyesha kwa hesabu kwamba muundo huo unaweza kukaa ndani ya sumaku. Mwaka 2009 watafiti wa Munich waliukuta katika mchanganyiko wa manganizi na silikoni, kwenye baridi ya nyuzi 240 na zaidi chini ya sifuri. Mwaka 2013 wenzao wa Hamburg waliandika na kufuta skirmioni moja moja. Kufikia 2016 maabara kadhaa zilizipata katika joto la kawaida.

Matumizi

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, huhitaji umeme muda wote. Umeme ukikatika katika duka la Darajani, Zanzibar, hesabu ambayo haijahifadhiwa kwenye kompyuta ya mezani hupotea. Iliyo kwenye kumbukumbu ya flashi hubaki. Ila flashi huandika polepole kuliko RAM, na huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi.

Skirmioni zinatarajiwa kuunganisha kasi ya RAM na uwezo wa flashi wa kubaki na data bila umeme. Mwanafizikia Albert Fert na wenzake walipendekeza mwaka 2013 zipangwe kwenye utepe mwembamba, zisukumwe na mkondo wa umeme na kupita mbele ya kisomeo, bila kifaa chochote kuzunguka kama kwenye diski. Pia idadi ya skirmioni mahali pamoja inaweza kuwakilisha nguvu ya kiungo kati ya neva bandia.

Vikwazo

Zikisukumwa mbele, skirmioni huenda upande hadi ukingoni, ambako huweza kutoweka. Jambo hili lilithibitishwa kwa vipimo mwaka 2017. Dawa mojawapo ni kubandika matabaka mawili yenye sumaku zinazopingana, ili mikengeuko ifutane. Aidha, kadiri zinavyokuwa ndogo ndivyo joto linavyozifuta kwa urahisi, na ishara yake ya umeme ni hafifu kusomeka.

Simu na kompyuta zinazouzwa Darajani hazina skirmioni. Mpinzani wake wa karibu, kumbukumbu aina ya MRAM, nayo hutumia sumaku na hubaki na data bila umeme. Imekuwa sokoni tangu 2006.