UZI: Afya ya mwanamke si materniti peke yake

1/ Kila msimu wa kampeni, uwe sokoni Kitale au steji ya Bungoma, akina mama huahidiwa jambo lilelile: "Tutawajengea materniti." Ni sawa kabisa. Lakini msichana ambaye si mjamzito, na hajaona hedhi miezi minne, aende wapi? Hebu turudi nyuma kidogo.

2/ Mwaka 1935, kule Chicago, madaktari Stein na Leventhal waliandika kuhusu wanawake 7 waliokuwa na shida ya hedhi, ovari zao zimejaa vifuko vidogo. Waliwakata kipande cha ovari, hedhi ikarudi. Hali hiyo leo inaitwa PCOS. Tangu hapo ikahesabiwa kuwa shida ya uzazi. Ukitafuta mtoto, utatibiwa. Hutafuti? Rudi nyumbani.

3/ Kumbe haikuwa ovari tu. Mwaka 1980 watafiti walionyesha kwamba wanawake wenye hali hii walikuwa na insulini nyingi kwenye damu. Mwili haiitikii vizuri, kwa hivyo unatengeneza zaidi, na ile ya ziada inasukuma ovari kutoa homoni za kiume. Ndiyo maana ya zile ndevu na chunusi. Kijijini watasema ati amerogwa. Kumbe polepole sukari inapanda, presha inapanda, mafuta yanazidi kwenye damu. Hapo ndipo moyo unaingia hatarini.

4/ Mwaka 2023, miaka 88 baadaye, mwongozo wa kimataifa ulisema wazi: PCOS ihesabiwe kuwa hatari kwa moyo. Presha ipimwe kila mwaka, mafuta ya damu mara tu hali inapogunduliwa, sukari kila mwaka 1 hadi 3. Si kwamba kila mwenye PCOS ataugua moyo, la. Ni kwamba asisubiri augue ndiyo apimwe.

5/ Na huku kwetu? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo ya uzazi. Mwaka 2013 kaunti zilianza kusimamia dispensari na hospitali zao. Juni mwaka huohuo, ada ya kujifungua ikaondolewa kwenye hospitali za umma. Hatua kubwa. Lakini siasa ikazoea kumhesabu mwanamke siku anayojifungua.

6/ Vifaa si ndoto. AMPATH ilianzia Eldoret mwaka 2001 kwa ajili ya UKIMWI, halafu ikaongeza huduma za presha na kisukari hadi Webuye. Kupima presha ni dakika chache tu.

7/ Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye PCOS hawajui wanayo. Kwa hivyo kaunti ikiwaita kutoa maoni ya bajeti, msiulize tu materniti ni ngapi. Ulizeni: binti wa miaka 22, asiye na mimba, akifika dispensari yetu na hedhi iliyopotea, nani atampima presha na sukari, na kwa pesa ya nani?