Jermaniumu ya Kipushi na diski zinazofutwa na kuandikwa upya

Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, inajulikana kwa shaba na zinki. Lakini ndani ya mawe yale yale mlikuwa pia jermaniumu, metali adimu ya rangi ya kijivu. Jiwe moja linaloibeba, renierite, wanasayansi walilieleza mara ya kwanza mwaka 1948, nalo lilitoka Kipushi.

Metali hiyo ilipata kazi mpya mbali sana na Katanga. Huko Detroit, Marekani, fundi wa mashini Stanford Ovshinsky, mtu ambaye hakupita chuo kikuu, alikuwa anachunguza vioo vyenye teluriumu. Mwaka 1968 alitangaza kwamba kioo cha namna hiyo kinaweza kubadilishwa hali na kurudishwa tena na tena. Wataalamu wengi walikuwa na mashaka. Miaka michache baadaye, yeye na wenzake walionyesha kwamba hata mwanga wa leza unaweza kufanya kazi hiyo.

Kila mama anayepika sukari anaelewa jambo hili. Sukari iliyoyeyuka ikipozwa haraka inakuwa kama kioo. Ikipoa polepole, inashika chembe. Kwenye diski, leza kali inayeyusha nukta ndogo sana, nayo inapoa ghafla bila kujipanga. Leza ya nguvu kidogo ikiipasha tena, chembe zinajipanga. Nukta za hali moja zinarudisha mwanga mwingi kuliko za hali nyingine, na leza dhaifu inasoma tofauti hiyo bila kuiharibu.

Shida ilikuwa mwendo. Vioo vya kwanza vilichelewa kujipanga, na vilivyowahi havikutunza maandishi. Noboru Yamada na wenzake wa kampuni ya Matsushita, Japani, walihangaika miaka mingi, mpaka mwaka 1987 walipotoa mchanganyiko wa jermaniumu, antimoni na teluriumu. Huo ulijipanga kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Mwaka 1998 zikatoka DVD-RAM za gigabaiti 2.6 kila upande, karibu mara nne ya CD. Tabaka lenyewe ni jembamba kuliko unywele mara maelfu.

Wakati diski hizo zinafika sokoni, Kipushi ilikuwa imenyamaza. Mgodi ulisimama mwaka 1993, miaka ile ile ambayo familia nyingi zenye asili ya Kasaï zilifukuzwa Katanga na kulala kwenye stesheni zikingoja gari moshi.

Jermaniumu iliyopita katika tanuru za Lubumbashi ilibaki ndani ya kilima cheusi cha mabaki ambacho kila mkaaji wa mji anakiona. Ni mwaka 2024 tu ndipo STL, kampuni iliyo chini ya Gécamines, ilipoanza kuitoa humo. Mzigo wa kwanza ulipelekwa Ubelgiji mwezi wa kumi, ukiwa bado haujasafishwa. Kazi ya kuisafisha inafanyika huko.