Madaktari wa watoto na vumbi la Kolwezi

Chama cha madaktari wa watoto ni muungano wa madaktari waliosomea magonjwa ya watoto. Kazi yake haiishii kwenye mikutano ya wenye taaluma. Chama hutoa pia misimamo mbele ya watu wote, ili serikali, makampuni na wazazi wajue ni nini kinachomwumiza mtoto. Chama cha kimataifa, IPA, kilianzishwa mwaka 1910. Kile cha Marekani, AAP, kilianza mwaka 1930 na madaktari 35 mjini Detroit. Mwaka 2016 AAP ilisisitiza tena kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachoweza kuitwa salama. (Tunasema risasi ya madini, si ile ya bunduki, ingawa ndugu zetu wa mashariki wanaijua zaidi ya pili.)

Msingi wa misimamo hiyo ni kwamba mtoto si mtu mzima mwenye mwili mdogo. Kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi kuliko baba yake. Anacheza udongoni, anatia mikono kinywani, na ubongo wake ungali unajengwa.

Kolwezi maneno haya yana uzito wake. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, kobalti ilionekana chini ya nyumba ya mkaaji mmoja, na mara parseli nyingi zikageuka mashimo. Watu walilala, walipika na kulea watoto juu ya machimbo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima wakaaji 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: kobalti katika mkojo na damu ilizidi sana ile ya watu wa mtaa mwingine wa karibu. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto, na kwao zilionekana pia dalili za madhara katika DNA, yaani urithi ulio ndani ya chembe za mwili. Wengi wa watoto hao hawakuwa wachimbaji. Waliishi tu palepale penye vumbi.

Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa Lubumbashi, ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini walikuwa katika hatari zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Haukusema kobalti imethibitishwa kuwa chanzo, na sisi tusiseme hivyo mimbarani.

Sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto. Lakini sheria hiyo haizuii vumbi kuingia nyumbani na nguo za baba. Kwa hiyo nguo za shimoni zivuliwe nje na kufuliwa mbali na za watoto, na magunia ya mawe yasilale chumbani. Huko Kamituga, zebaki ya dhahabu isichomwe jikoni. Na mama akimpeleka mtoto kituo cha afya, amwambie muuguzi kazi ya baba hata kama hajaulizwa.