Kiingereza: 'More colder' hutoka wapi?

MJI wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, nao wa Bungoma takriban mita 1,400. Ndiyo sababu Kitale kuna baridi zaidi. Mwanafunzi wa huko anapotakiwa kulisema jambo hilo kwa Kiingereza, mara nyingi huandika 'more colder' au hata 'cold than Bungoma', akapoteza alama.

Chanzo si uvivu. Katika Kiswahili, kivumishi hakigeuki kwa sababu ya kulinganishwa. Kazi hiyo hufanywa na neno la kando: 'kuliko', 'zaidi ya' au 'kushinda'. Kibukusu, kama lugha nyingi za Kibantu, hutumia kitenzi chenye maana ya kuzidi. Aliyezoea hivyo hulitafuta neno la kando katika Kiingereza, akalipata 'more', kisha akakumbuka kiambishi alichofunzwa na kukiongeza pia. Hapo huwa amelinganisha mara mbili.

Kiingereza hudai njia moja tu. Neno la silabi moja hupokea '-er' au '-est': 'cold', 'colder', 'coldest'. 'Big' hurudufisha konsonanti yake ya mwisho, likawa 'bigger'. 'Easy' hugeuza 'y' kuwa 'i', likawa 'easier'. Maneno marefu kama 'expensive' hutanguliwa na 'more' au 'most'. Katika vielezi, 'fast' na 'early' hufuata njia ya kwanza, 'slowly' ya pili. 'Good' na 'well' hugeuka 'better' na 'best'. 'Bad' na 'badly' huwa 'worse' na 'worst'. Haya ni ya kukariri tu.

Mkosaji, hata hivyo, ana wenzake wakubwa. Waingereza wa karne ya 16, Shakespeare akiwamo, waliandika ulinganishi maradufu bila haya. Wanasarufi wa karne ya 18 ndio walioukemea, na mtahini wa leo huwafuata.

Tatizo jingine ni kwamba 'kuliko' ya Kiswahili hufaa kwa mwenzi mmoja na kwa wote: 'mrefu kuliko mwenzake', 'mrefu kuliko wote'. Kiingereza sanifu hutenganisha. Kati ya miji hii miwili, Kitale ni 'the colder', si 'the coldest'. Mlima Elgon, wenye mita 4,321, ni 'higher' kuliko miji yote miwili. Lakini 'the highest' barani Afrika ni Kilimanjaro, wenye mita 5,895.