Ruhusa ya Kukata Mti: Dedha na Msumeno wa Mnyororo katika Biliqo

Biliqo iko katika nyanda kame za kaunti ya Isiolo, upande wa Merti, ambako wafugaji wa Kiborana huutegemea mto Ewaso Ng'iro, wao wakiuita Waso, kila ukame unapokaza. Mto huo hupokea maji ya Mlima Kenya na Nyandarua, ukapita katika nchi ya miiba hadi kufifia kwenye kinamasi cha Lorian, na kingo zake ndizo zinazobeba miti mikubwa ya eneo hilo. Suala la nani astahili kumiliki na kutumia msumeno wa mnyororo, mashine ambayo Unguja huitwa msumeno wa moto, huonekana kuwa la leo. Lakini katika Biliqo jambo lililo ndani yake, yaani nani mwenye mamlaka ya kuruhusu mti ukatwe, ni la zamani kuliko mashine yenyewe.

Mamlaka hayo yalikuwa ya dedha, neno linalotaja kwa pamoja eneo la malisho na utaratibu wa wazee wanaolisimamia. Wazee waligawa malisho ya masika, ya kiangazi na ya akiba kwa ajili ya ukame mkali, na kwenye visima aliwekwa abba herega, msimamizi wa zamu, ambaye alipanga siku ya kila kundi kunywa maji. Miti ilihesabiwa miongoni mwa malisho, na hasa dhaddacha, mgunga wenye kilele bapa. Nyasi zinapokwisha katika kiangazi kirefu, mchungaji huinua fimbo ndefu yenye kulabu, akayatikisa matawi yake, na maganda yaliyojipinda yakamwagika chini huku mbuzi wakiyagombania. Mbegu zilizomo humvusha mbuzi hadi mvua inyeshe. Kwa sababu hiyo kukata matawi kwa ajili ya boma au ya mifugo iliyodhoofika kulivumiliwa, ilhali kuuangusha mti mzima ulio hai kulikuwa kosa la kujibiwa mbele ya wazee na kutozwa faini. Dedha, kwa maneno mengine, haikushughulika na shoka wala na mwenye shoka. Ilishughulika na mti.

Utaratibu huo haukufa kwa udhaifu wake wenyewe. Wakoloni, waliowaweka Waborana wa Waso ndani ya mipaka ya malisho ya makabila na kuifanya kaskazini nzima kuwa eneo maalumu kwa sheria ya mwaka 1934, waliwapa machifu walioteuliwa na serikali sauti iliyokuwa ya wazee. Baada ya uhuru vikafuata vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, ambapo familia zilikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na askari, Merti na Garba Tulla vikiwemo, na mifugo mingi mno ikaangamia. Watu walionyimwa kuhama hawakuweza kuendesha utaratibu ambao msingi wake wote ni kuhama, na miti iliyozunguka vijiji hivyo ikawa kuni na nguzo za watu waliokosa pa kwenda.

Msumeno wa mnyororo wakati huo ulikuwa umekwisha kukamilika ng'ambo. Mjerumani Andreas Stihl alisajili msumeno wake wa umeme mwaka 1926, kisha mwaka 1947 Joseph Cox wa Marekani akatoa mnyororo wenye meno aliouiga kutoka kwa taya za buu linalotoboa miti, na kazi iliyohitaji watu kadhaa ikawa ya mtu mmoja. Tofauti yake na shoka ni kubwa kuliko inavyosemwa. Shoka huchukua muda mrefu kuliangusha shina gumu la mgunga, na mlio wake humpa mwenye malisho nafasi ya kufika na kuuliza. Msumeno huumaliza mti huo kwa dakika chache. Aidha, ncha ya juu ya bapa linaloongoza mnyororo wake ikigusa kitu kigumu, mashine huruka nyuma kuelekea uso wa anayeishika, huku mnyororo ukikimbia takriban mita 20 kwa sekunde.

Hatari hizi mbili, ya mwili na ya msitu, zimezaa sheria za aina mbili duniani. Uingereza, kwa kanuni za vifaa vya kazi za mwaka 1998, hudai mafunzo na umahiri wa anayetumia msumeno kazini. Ufilipino, kwa sheria ya mwaka 2002, huisajili mashine yenyewe na kumwadhibu anayeimiliki bila kibali. Biliqo inahitaji vyote viwili, kwani kijana anayeazimwa msumeno bila kuonyeshwa breki ya mnyororo anahatarishwa kwa jambo ambalo mafunzo ya siku chache yangelizuia. Hata hivyo cheti cha ufundi hakisemi lolote kuhusu mti upi ukatwe, na leseni itolewayo mbali na malisho haijui dhaddacha ipi inalisha mbuzi wa nani. Karatasi isiyo na ridhaa ya wenyeji imekwisha kushindwa hapa: Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi za jamii za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha Katiba.

Njia ya kuunganisha cheti cha mafunzo na ruhusa ya wazee ipo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inairuhusu jamii iliyosajiliwa kujitungia kanuni za kusimamia ardhi yake, na kanuni ya namna hiyo inaweza kuagiza kwamba msumeno usiwashwe kando ya Waso ila na mtu mwenye cheti cha mafunzo, akiwa pia na ruhusa ya wazee wa dedha inayoutaja mti utakaokatwa.